Jina la Athmani Juu ya Jabia

Maskati,
Ijumaa, baada ya Alasiri

Kwa mke wangu Bi Khadija, Chundwa

Assalamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh.

Naomba Mungu barua hii ikukute mzima, na lile goti linalokusumbua ukipanda ngazi liwe limetulia. Mama yangu je, bado anaficha dawa za zahanati chini ya mto? Mwambie mwanawe amesema azinywe, asinitie hofu nami niko mbali. Mimi kwa mwili sijambo, alhamdulillahi. Joto la huku limeanza, kazi tunaingia alfajiri na saa tano tunapumzishwa. Nyumba tunayoimaliza sasa ina vyumba kumi na sita na watu watatu. Dari zote ni jasi, na maua yote ya dari ni mkono wangu na wa Rafiki. Huyo Rafiki ndilo jina lake, ni mtu wa Bangladeshi, fundi mwenzangu.

Utashangaa kupata barua wakati simu ipo. Kwanza, yule jamaa wa Faza anarudi likizo na nimempa bomba la plastiki akuletee. Ndani mna karatasi iliyokunjwa, usiifungue kabla ya kusoma haya. Pili, simu yako si yako. Ukiiweka sauti, husikiliza Mama, husikiliza Amina, na jirani akipita naye huweka ndoo chini asikilize. Haya ni ya macho yako peke yako. Na ukishasoma mpaka mwisho, wewe ndiye utakayeamua kama mwezi wa Shaabani nije nyumbani au nisije. Sikutishi. Utaona mwenyewe.

Uliniuliza swali wiki tatu zilizopita. Ulisema, "Lali, wewe unamwonea wivu maiti?" Nikakata simu, kisha nikakuandikia kuwa mtandao ulipotea. Mtandao ulikuwa mzima. Jibu la swali lako ni ndiyo. Namwonea wivu Athmani, mumeo wa kwanza, Mungu amrehemu. Nilimwonea wivu alipokuwa hai, na alipokufa nilidhani yamekwisha, kumbe mtu akifa hazeeki, anabaki kijana na mzuri vilevile, nami huku mvi zimeanza masikioni.

Ngoja nikwambie ilivyokuwa kwangu tangu mlipoanza hili jambo la kubadilisha jina la jabia, hodhi letu la maji ya mvua. Mwanzo nilifurahi kuliko nyote. Unajua vile lile jina lilivyonikera. Chifu Zubeiri alipotaka jabia liitwe kwa jina lake, mimi ndiye niliyepewa kazi ya kulichonga pale juu ya mlango wa hodhi. Nilikuwa ndiyo kwanza nimetoka uanafunzi mjini Amu, najiona fundi hakuna mfano. Kila herufi niliikata kwenye lipu mbichi ya chokaa, urefu wa shubiri moja, na maua pembeni. Watu wa Chundwa wote walibeba mawe, wanawake walibeba mchanga na chokaa kwa vichwa vyao wakiimba, halafu jina likawa la mtu mmoja aliyekuja na mkasi kukata utepe. Nami nilisimama pale nikisifiwa, nikacheka meno yote nje.

Baadaye ndipo mvua zikakosa misimu miwili, visima vikawa chumvi tupu, na Chifu akatia kufuli kwenye jabia. Akasema ni kulinda maji yasiishe. Anayetaka debe aende kwanza barazani kwake atie kidole kwenye karatasi, eti ni ya kuandikisha kaya. Watu walitia vidole, maana mtoto akilia kiu huulizi karatasi imeandikwa nini. Walipokuja wapima ardhi mwaka juzi ndipo ikajulikana kuwa karatasi zile zilikuwa za mashamba, na mashamba yamesomwa kwa majina ya Chifu na ya mashemeji zake, na yeye anakaa Wiyoni kwenye nyumba ya ghorofa anapunga upepo. Kwa hiyo Amina aliponipigia akasema, "Baba, tumekaa darasani na Mwalimu Mutua, tumeandika barua, lile jina linaondoka," nilisema Allahu Akbar hata Rafiki akaangusha mwiko.

"Na mtaliita nani sasa?" nikamwuliza.

Akasema, "Wazee wote wametaja jina moja, Baba. Jabia la Athmani."

Nilimwambia vizuri sana mwanangu, Mungu awabariki. Nikaweka simu. Sikula siku ile.

Usicheke, Khadija. Au cheka, haki yako. Nilianza kupiga hesabu za upumbavu. Nikasema, nyumba yetu mlango unatazama jabia. Kila asubuhi mke wangu akifungua dirisha, jina la kwanza atakalosoma ni la mume wake wa zamani. Akienda kuteka, atapita chini yake. Siku ya kusugua jabia kabla ya mvua, atavua viatu na kufagia mbele ya jina hilo na wenzake wote, nao watamtazama. Watoto watakaokuja watasema nakwenda kwa Athmani, natoka kwa Athmani. Na mimi nitarudi na mkoba wangu, nipite hapo, waseme yule ndiye aliyemwoa mjane wa Athmani. Miaka kumi na saba nimekuwa Fundi Lali. Sasa nigeuke kuwa wa pili kwake tena!

Ndiyo maana nikampigia Mwalimu Mutua. Hukulijua hilo, ila sasa lijue. Nilimpigia mara tatu. Nilimwambia, "Mwalimu, nyinyi mnarudia kosa lilelile. Chifu naye siku ile alionekana mtu mwema. Msiweke jina la mtu. Binadamu hajulikani mpaka afe, na wengine hata wakifa hawajulikani. Liiteni Jabia la Wananchi, au Jabia la Chundwa, basi." Mwalimu ni mtu wa Kitui, mpole, akanisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Fundi, hiyo point yako ni ya maana sana. Nitaipeleka kwa kikao." Akaipeleka. Wazee wakaizungumza nusu saa, wakasema Fundi Lali amesema kweli, halafu wakapiga kura ileile. Hoja ilikuwa nzuri, hata leo nasema ni nzuri. Lakini haikutoka kichwani kwangu. Wivu ndio ulioisema, ikavaa kanzu ya busara ikaenda kikaoni.

Kisha Amina akanitumia ile sauti. "Baba, tunataka mkono wako. Wamelipaka chokaa mara mbili lile jina la Chifu na bado linatokeza, ulilichonga wewe, hakuna wa kulibandua. Mwalimu anasema tuandike la baba kwa rangi tu, mimi nimekataa. Tuchoree herufi, ututumie karatasi, fundi wa Siyu atalikata." La baba! Nikairudisha sauti nyuma nisikie tena. La baba. Anayesema hivyo ni mtoto niliyembeba mgongoni kwenda chuoni kusoma Kurani, niliyemfunga nepi za kitambaa kwa mikono yenye chokaa mpaka ukanigombeza. Kwenye karatasi za serikali ni Amina Athmani na ndiyo sheria ya Mungu, sina neno. Lakini mtaani aliitwa Amina wa Fundi. Siku hizi, nasikia, akisimama kikaoni husema, "Mimi ni binti wa Athmani." Sawa. Lakini iliniuma, Khadija, nisikufiche.

Halafu wewe ukaichukua simu mkononi mwake. Ukasema maneno mawili tu: "Lali, mchoree vizuri."

Mchoree vizuri! Kwa sauti ile! Sauti hiyo mimi nimeisikia mara ngapi? Miaka kumi na saba hujawahi kuniambia nikuchoree hata ua la mlangoni. Nilipotaka kukuchongea jina lako juu ya kitanda ulisema, "Acha, vumbi litaingia kwenye mashuka." Nikaacha. Na leo kwa Athmani, mchoree vizuri.

Nilichora. Nilinunua karatasi ya ramani, nikatandaza sakafuni mwa kile chumba kikubwa wakati wa mapumziko, nikachora kwa kipimo cha ukutani. Nilipomaliza, Rafiki akaja na kikombe cha chai akasimama juu yangu. Kiswahili hajui, ila herufi za Kiarabu anazisoma na jina Othmani analijua. Akatazama sana. Akaniuliza kwa Kiarabu chetu cha saiti, "Huyu ni adui yako?"

"Kwa nini?"

"Umembana. Kama mtu umemfunga ndani ya kabati."

Nikachukua kipimo. Wallahi, nilikuwa nimelifanya jina la Athmani pungufu ya lile la Chifu kwa vidole vinne. Mkono wangu ulijua, mimi najifanya sijui. Kwa mtu aliyekula mashamba ya watu nilitoa shubiri nzima na maua, na kwa aliyetufungulia maji nikabania vidole vinne. Nikaichana. Nikachora ya pili, nayo nikaichana. Ya tatu ilikuwa nzuri, nikaimwagia chai. Nilikwambia chai imemwagika. Niliimwaga.

Hapo ndipo uliponipigia, ukanikuta na hasira zangu, ukaniuliza kama namwonea wivu maiti. Lakini si swali hilo lililonifanya nikate simu. Kabla yake ulinipa habari ya kikao, wala hukujua unanipa nini. Ulisema Khatibu wetu, pamoja na uzee wake, alibebwa kwenye kiti mpaka darasani ili aseme neno. Akasema, "Watu wa nti hii, mimi siku ile nilirefusha khutba mpaka maneno yakaniisha. Laiti Athmani angekuwa na patasi ya chuma, angemaliza nami sijashuka mimbari. Alikuwa na jiwe tu maskini." Ukasema watu walilia. Ukasema, "Hebu fikiri, Lali, patasi tu!"

Nimefikiri. Sijafikiri jingine tangu siku hiyo. Sasa soma polepole.

Unajua kuwa kabla Athmani hajakuoa, mama yangu alikuja kwenu kukuposa. Baba yako alisema amechelewa wiki moja. Wiki moja nilikuwa Amu namalizia mlango wa watu. Nilisema kila jambo na wakati wake, nikacheka na watu, nikaja kwenye harusi yenu nikala pilau. Wewe ulidhani yamepita. Athmani naye alidhani yamepita, maana mtu yule alikuwa hana choyo, hawezi kuamini mwingine anacho.

Siku ya Alhamisi, kabla ya ile Ijumaa, nilikuwa nyumbani kwa Mama natengeneza kizingiti. Athmani akaja, akachutama mbele yangu. Alikuwa amekonda, midomo imepasuka, kama sisi sote. Akaniambia, "Lali, mke wangu ana mimba ya miezi saba, anakunywa mayi ya chumvi. Watu wafe kiu na mayi yapo? Niazime patasi yako na nyundo."

"Za nini?"

"Kesho khutba ikianza tu, nalikata lile kufuli. Nimefikiri sana. Wanaume wote watakuwa ndani, Chifu safu ya mbele na askari wake wawili nyuma yake. Khutba ikianza hakuna ruhusa ya kunena. Ukimwambia mwenzio nyamaza tu, Ijumaa yako imeharibika. Nani atainuka atoke mbele ya watu? Hata Chifu hataweza, atadhihirika. Kwa patasi ni mapigo matatu. Wanawake watakuwa wameshajipanga na madebe. Nitawahi rakaa ya pili pamoja nanyi, na nani atajua?"

Hila ile, Khadija, ilikuwa nzuri mno. Hakuna askari duniani angeifikiria. Na nilipoisikia sikuona watu wenye kiu, wala sikuona mimba yako. Niliona kuwa kesho saa saba utamtazama Athmani kwa macho ambayo mimi nilitaka unitazame.

Nikamwambia, "Patasi yangu ni ya kukatia chokaa, si chuma. Itapinda."

"Huna nyingine?"

"Sina."

"Na nyundo?"

"Iko kwa mtu."

Patasi ya chuma ilikuwa chini ya paja langu, nimeifunga kwenye kitambaa, na nyundo pamoja nayo. Nilikuwa nimezikalia. Athmani akaondoa vumbi magotini, akatabasamu, akasema, "Haidhuru. Mungu ameumba mawe." Akaenda zake.

Yaliyotokea nje unayajua kuliko mimi, ulikuwapo na debe lako. Ya ndani hukuyaona, nami sijapata kumsimulia mtu. Khatibu alipanda, akatoa salamu, ikaadhiniwa, akaanza. Hakufika kwenye aya ya kwanza tukasikia ngo. Kisha ngo. Jiwe juu ya chuma. Msikiti mzima tulisikia, kila mtu akatazama mkeka wake. Shingo ya Chifu ilikuwa mbele yangu, niliiona ikilowa. Aligeuka nusu, akaona macho ya watu, akarudi mbele. Askari mmoja alijaribu kuinuka, mzee mmoja akamshika kanzu bila kusema, akakaa. Khatibu ambaye khutba yake humalizika kabla ya uji kupoa, siku ile alitueleza habari za mitume wote. Akaomba dua, akairudia, akaomba mvua, akawaombea wagonjwa kwa majina. Na ngo haikomi. Mimi nilihesabu. Nilipofika arobaini niliacha kuhesabu, kwa sababu kila pigo nilijua mapigo matatu yangetosha.

Kufuli lilivunjika tuko kwenye rakaa ya mwisho. Nilijua kwa sababu kulikuwa kimya, halafu tukasikia sauti za wanawake. Tulipotoa salamu Chifu hakungoja hata istighfari. Walimkuta Athmani bado yuko mlangoni mwa hodhi, anamtekea bibi kizee, mikono imechanika na jiwe hadi damu inachuruzika. Kama angekuwa na patasi angekuwa kando yangu kwenye mkeka, kakunja mikono, na asingejulikana. Wakamchukua mpaka Amu, na kutoka Amu wakampeleka jela, na jela wakakurudishia mtu wa kukohoa. Amina alikuwa anajifunza kutembea baba yake alipozikwa. Haya yote unayajua.

Usilolijua ni hili moja. Wakati askari wanamfunga, watu waliendelea kuteka, maana nani angeacha? Mimi nami nilikimbia nyumbani nikachukua debe. Niliteka. Nilipita kando yake, akaniona, akaniambia, "Jaza, Lali, jaza, umpelekee mamako." Nikajaza. Nikayanywa maji yale.

Sikumsaliti kwa Chifu, sikumtaja kwa mtu. Miaka yote nilijiambia hivyo, kuwa sikufanya kitu. Kweli, sikufanya kitu. Nilikalia tu patasi. Na ulipotoka eda, na Amina ameshafika miaka miwili, nikamtuma tena Mama, na safari hii hakuchelewa. Watu wakasema Lali ana moyo mzuri, ameoa mjane wa rafiki yake na kulea yatima. Nami nikakubali kusifiwa tena, kama pale nilipochonga jina la Chifu.

Sasa huenda unafikiri nilikuoa kwa kujuta. La, hasha. Bora ningekuwa nimejuta, ningekuwa mtu afadhali. Nilikuoa kwa kuwa nilikutaka, tangu kabla yake, na ninakutaka mpaka leo ninapoandika na mkono huu una jasi. Na nikwambie kitu kibaya zaidi: hata sasa, baada ya kutoa haya yote, bado namwonea wivu. Nilidhani nikisema, wivu utaondoka. Haukuondoka. Ameniachia mke wake, ameniachia mtoto wake, ameniachia maji yake, nami bado namwonea wivu kwa sababu ya mlango wa jabia. Astaghfirullah, mimi ni mtu wa namna gani?

Kwenye bomba mna mchoro wa nne. Nimeupima mara mbili, na Rafiki ameupima mara ya tatu, nimemwambia asinihurumie. Ni shubiri moja na nusu, umeipita ile ya Chifu. Nimeliweka kwa herufi za Kiarabu juu na za kawaida chini ili kila mtoto alisome. Maua sikutia. Mtu yule hakuwa wa maua. La Chifu fundi asilibandue kwa kupapasa, akate lipu yote mpaka kwenye jiwe, apige lipu mpya, angoje ikamate, ndipo achonge. Na ile patasi ya chuma iko kwenye kisanduku changu cha samawati, uvunguni. Mpe fundi afanyie kazi. Usiirudishe ndani.

Kuhusu Amina sikupi amri. Ukitaka kumwambia, mwambie, ni baba yake. Ukitaka kumficha, sitakuuliza. Na ukiona Khatibu anastahili kujua kabla Mungu hajamchukua, niombee radhi kwake, maana alimaliza pumzi zake juu ya mimbari kwa kosa langu. Wazee wakisema fundi mwenye kisa hiki mchoro wake usiguse ukuta ule, wachome karatasi, watakuwa na haki.

Nisalimie Mama, mshike mkono kwa niaba yangu. Nisalimie kaka yako, umwambie viatu alivyoniagiza nimevipata. Nisalimie Mwalimu Mutua, na umwambie aniwie radhi kwa zile simu tatu. Bibi yako mzee mbusu kichwani. Amina, sijui nimsalimie kwa jina gani. Mwambie tu Fundi anamsalimu.

Ruhusa yangu ya Shaabani imeshaandikwa lakini tiketi sijakata, wala sitakata mpaka nikusikie wewe mwenyewe, si kwa mjumbe. Usinijibu kwa huruma, wala usinijibu kwa haraka. Wewe nimekuweka miaka kumi na saba ndani ya nyumba yangu bila wewe kujua unalala na nani. Chukua muda wako, Khadija. Mimi nangoja.

Mumeo, kama bado wakubali,
Lali